Kompyuta Chini ya Kitenge

Sumbawanga, Jumatatu asubuhi

Kaka Desderi,

Zamani barua zetu zilianza kwa kuulizana hali, na mwandishi akajitia kuwa yeye ni mzima kabisa. Yako siiulizi. Yangu nikwambie kweli: nimechoka. Nimechoka mpaka magoti. Leo nimewahi ofisini ili nikuandikie kabla wenzangu hawajaanza kuniita kila pembe, "Dada Resti, hii haifunguki," "Dada Resti, hii inaniuliza kitu." Walikuwa wanakuita wewe. Sasa wamenitwika mimi bila hata kuniuliza kama kichwani kuna nafasi.

Ni wiki ya tatu tangu tukuzike kijijini Kaengesa. Mvua zimeanza, na barabara ya huko tayari inateleza. Wifi yangu, mkeo, amelizungushia kaburi mawe kwa mikono yake, maana mafundi wa kujengea bado wanasubiri udongo ushuke. Juzi Jumamosi tumeanua matanga. Nina neno la kukueleza kuhusu siku hiyo, lakini siwezi kulifikia bila kupita mahali ambapo sipendi kupita. Nivumilie. Enzi zile ulipokuwa unaniletea habari za laini zilizokatika nilikuwa nakuvumilia, na wewe ulikuwa hujui kufupisha.

Unakumbuka tulivyopunguzwa kazini pamoja? Wewe fundi wa laini za simu, mimi opereta pale mbele ya ubao wa nyaya wa kuunganishia wapigaji, miaka yote ile. Ikaja mitambo ya kujiendesha yenyewe, zikaja kampuni mpya, tukaambiwa ahsanteni. Mimi nikaenda kuuza mitumba sokoni, wewe ukafungua kibanda cha kutengeneza redio. Ofisi hii ya mbegu iliponichukua nichape barua, na zilipoletwa kompyuta zilizokwisha kutumika huko Ulaya, nikawaambia namjua mtu anayezijua nyaya. Meneja akauliza, "Na kompyuta anazijua?" Nikasema anazijua. Nilidanganya. Lakini ndani ya miezi michache ulikuwa unazijua kweli, na dishi likasimama juu ya bati, na Sumbawanga ikaanza kuandikiana na dunia kupitia chumba hiki chenye dirisha lisilofungika vizuri.

Mwanzo nilikuwa naziogopa. Ukaniambia, "Opereta, hii ni kazi yako ileile." Hukuacha kuniita Opereta hata siku moja. Ukasema kompyuta ni kama mteja wa zamani. Anajua jina la mtu anayemtaka, lakini laini haijui majina, inajua namba tu. Kwa hiyo lazima awepo wa kuulizwa: fulani namba yake ngapi? Akishajibiwa, ndipo simu inapita. Ukanifundisha mambo matatu ya kufanya intaneti ikikataa, ukanikaririsha kama katekisimu: kwanza taa, pili namba, tatu jina. Taa zikiwaka, waya una uhai. Namba ya nje ikiitika, njia iko wazi. Namba ikiitika na jina likakataa, basi anayeulizwa majina hayupo mahali pake. Hiyo namba ya nje ya kujaribia ulinipa moja, na ilinikaa palepale. Unanijua, namba hazinitoki. Mpaka leo naijua ya misheni ya Kaengesa, na za watu waliokwisha kufa naziweza pia.

Na kuna kitu kingine cha enzi za ubao wa nyaya. Siku moja ulikuja kupima laini, ukashika waya ukauchomoa tu, kumbe upande wa Mwimbi kulikuwa na mama anaelezwa kwamba binti yake amejifungua. Akakatiwa kabla hajasikia kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Nilikupiga kibao cha mkono, nikakufokea mbele ya wakubwa: "Usichomoe! Sikiliza kwanza, kuna watu wanaongea!" Tangu hapo ukanigeuzia utani. Nikidakia mtu kwenye kikao, unanong'ona, "Sikiliza kwanza, Opereta." Nikimkatiza meneja, unainua kidole. Mtu mzima, umevaa sweta lako la kijani lililotoboka kiwiko, unainua kidole kama mwanafunzi. Ningekuwa na uwezo ningekupiga kibao kingine.

Sasa nifike pale.

Kichomi kilikushika ghafla. Ijumaa ile ulinipigia simu kutoka hospitali, nikasikia unavyohema. Ukasema, "Opereta, ile mashine yangu pale mezani..." Nilikuwa na barua tatu za kuchapa na mgongo unaniuma. Nikakwambia, "Kaka, achana na mashine, pona kwanza, tutaongea Jumatatu." Nikaweka simu. Jumapili ukafa.

Tulipomaliza mazishi, Alhamisi, nilikuwa wa kwanza kufungua ofisi. Nikakuta mashine yako inaunguruma peke yake mezani, kitaa cha kijani kinawaka, kama vile umetoka kidogo kwenda kunywa chai. Ilinikera. Sikuhuzunika, kaka, nilikereka, nikaona haina adabu. Mwenyewe yuko chini ya udongo wa Kaengesa, yenyewe inapuliza upepo. Na kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaanuliwe, unajua. Nikainama chini ya meza, machozi yamenijaa, nikapapasa ukutani, nikavuta plagi. Kimya. Nikavua kitenge nilichojifunga msibani, nikaifunika mashine, na juu yake nikaweka picha yako, ile ya kofia. Nilijiona nimekutendea heshima. Wenzangu walipoingia wakasimama kidogo mbele ya ile meza, mhasibu wetu Dada Neema akalia, tukaanza kazi.

Intaneti haikufunguka.

Siku hiyo tukasema ni mawingu. Kesho yake tukasema ni dishi. Wiki ya pili mama wa chai akasema kile ambacho kila mtu alikuwa anakiwaza: "Amekwenda nayo." Alisema kwa upole tu huku anamimina chai, lakini tangu hapo hakuna aliyepita karibu na meza yako, na chai yake alikuwa anaizungusha kwa upande wa pili. Kule mjini kwenye duka pekee la intaneti radi ilikuwa imepiga wakati wa mvua za kwanza, ikaunguza kila kitu. Tulikuwa tumebaki kama kisima kilichokauka, na orodha ya wakulima wa Mollo na Kaengesa wanaosubiri mbegu ilitakiwa ifike Dar es Salaam Ijumaa iliyopita. Ikichelewa, mbegu zinakwenda mkoa mwingine, na watu wetu wanapanda mahindi ya mwaka jana yaliyoliwa na wadudu. Kwa basi isingewahi.

Meneja akaleta fundi kutoka Mbeya. Alifika Jumanne ya wiki iliyopita, mtu mwenye maneno matamu, kaniamkia vizuri. Akatoa kompyuta yake ya mkononi, akachomeka waya moja kwa moja kwenye modemu, na palepale kurasa zikafunguka. Tukapiga makofi. Akatikisa kichwa. "Mtandao wenu mzima, mama. Ugonjwa uko kwenye hizi kompyuta. Huyu mshikaji wenu alizifunga." Akatuonyesha kwamba zote umeziandikia namba kwa mkono, na ukitaka kubadilisha inakudai neno la siri, na neno la siri ulikuwa nalo wewe. Dawa yake ilikuwa kuzifuta kompyuta zote na kuanza upya, ila CD za kazi hiyo zilikuwa Mbeya, arudi nazo Jumatatu; na kutuma orodha kwa kompyuta yake haikuwezekana, maana haikuwa na tundu la diski zetu. Ijumaa yetu ingekuwa imekwisha kupita. Akamalizia kwa utani, "Nyie Wafipa, radi mnatuma, sasa na intaneti nayo mmeifunga?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kaka. Mdomo ulifunguka wenyewe.

Baada ya hapo meneja akaniita ofisini kwake nichape barua ya kwenda makao makuu. Alinisomea, nikachapa. Kwamba orodha itachelewa kwa sababu marehemu alifunga kompyuta za ofisi kwa makusudi. Vidole vyangu hivi. Niliuliza tu, "Makusudi?" Akasema, "Andika, Dada Resti, tuna njia gani nyingine ya kueleza?" Nikaandika, nikahakiki herufi, nikagonga muhuri. Ikawekwa kwenye bahasha isubiri basi la Alhamisi.

Jumanne hiyohiyo jioni wifi alipita ofisini, ametoka sokoni na mfuko wa maharage, mengine akaniachia. Kilichomleta kilikuwa kingine. Akanivuta nje, akauliza, "Wifi, ni kweli wanayosema sokoni? Kwamba mume wangu amefunga mashine, wakulima wakose mbegu?" Nilikujua kwa miaka yote ile. Nilitakiwa nicheke, nimwambie Desderi hata mlango wa kibanda alikuwa anasahau kuufunga. Badala yake nikasema, "Sijui, wifi." Akanitazama, akachukua mfuko wake, akaondoka.

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia usiku ule, na zaidi asubuhi.

Jumatano, wenzangu walipokwenda kula, nilibaki. Nikasema, basi, nifanye kama nilivyofundishwa, hata kama fundi wa Mbeya amekwisha kushindwa. Kwanza taa. Zote za kijani. Pili namba. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta, nikaiita namba yako ya nje. Ikaitika. Mara nne ikaitika, kaka. Nilishtuka kwenye kiti, maana wiki mbili tulikuwa tunaambiana hakuna njia kabisa, kumbe njia ilikuwepo, wazi, saa zote. Tatu jina. Nikaandika jina. Ikakaa, ikakaa, ikaniambia halijulikani. Jina jingine, vilevile. Nikakusikia kabisa unasema: anayeulizwa majina hayupo mahali pake.

Ni nani anayeulizwa? Nikafungua ule ukurasa wa namba za kompyuta yangu. Kubadilisha sikuweza, kusoma kulikuwa bure. Palipoandikwa pa kuulizia majina kulikuwa na namba inayoishia na tano. Nikajua pa kuanzia, kwa sababu ya zile plasta zako za kidonda. Ulikuwa unabandika plasta nyuma ya kila kitu na kuandika kwa kalamu, mpaka nikakuuliza kama kompyuta zimejikata. Nikaanza kuzunguka nyuma ya meza kwa magoti. Modemu, moja. Ya meneja, mbili. Ya Dada Neema, tatu. Yangu, nne. Tano hakuna. Nikageuza printa, haina kitu. Nikatazama hata nyuma ya kabati, nikatoka na utando wa buibui kichwani.

Ndipo nikaitazama ile meza yako.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa, na kitenge nilikiweka mimi mwenyewe. Nikasema samahani kaka, kwa sauti, chumba kitupu. Nikaondoa picha, nikafunua. Nyuma, plasta: tano. Nikaingia chini ya meza kuitafuta plagi. Ilikuwa palepale nilipoitupa, vumbi limeanza kuishika, na kwenye waya wake, kiganja kimoja kutoka plagi, kulikuwa na plasta nyingine. Siku ile machozi hayakuniacha niione. Umeandika kwa herufi kubwa: USICHOMOE. SIKILIZA KWANZA, KUNA WATU WANAONGEA.

Nilikaa hapohapo sakafuni, Desderi. Sikulia vizuri hata. Nilikuwa nimechoka mno. Niliwaza tu kwamba ulijua atakayeichomoa ni mimi. Katika ofisi nzima, hayo maneno yangemwambia nini mtu mwingine?

Fundi alisema umetufunga. Kumbe uliiweka mashine yako iwe opereta wetu, ikumbuke majina yenyewe, ili kompyuta zetu zisiende kuulizia ng'ambo kila mara kwa lile dishi linalojikongoja. Ulizikataza zote zisiulize kwingine. Na mimi, opereta, nikamwondoa opereta mahali pake, nikamfunika kitenge, halafu nikaenda kuchapa barua ya kukulaumu wewe, fundi wake.

Nikachomeka. Ikaunguruma, ikachelewa, ikanitia wasiwasi, hatimaye kitaa kikawaka. Nikarudi kwangu, nikaandika jina. Likaitika. Dada Neema aliporudi na wali wake wa kufungiwa alinikuta nacheka peke yangu na buibui kichwani, akataka kukimbia. Orodha tuliituma saa ileile. Alhamisi asubuhi wakajibu wameipokea, Mollo na Kaengesa wote wamo, mbegu zinapakiwa.

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza kila kitu, plagi na kitenge. Alinisikiliza, akaichana ile bahasha mbele yangu. Akasema, "Basi yaishe, Dada Resti. Muhimu orodha imefika. Marehemu tumwombee." Si mtu mbaya. Lakini kilichochanwa ni karatasi. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika kanisani, sokoni, na kwenye mashamba ya Mollo. Nani angeyafuata huko?

Kwa hiyo Jumamosi nikapanda gari la Kaengesa. Ukumbi wa nyumba yako ulijaa, na nje chini ya turubai pia. Tulipomaliza sala, kaka yako mkubwa aliyetoka Mwimbi akasimama, akauliza kama desturi: "Mwenye neno lolote juu ya marehemu alitoe hapa, mbele ya ndugu, tusije tukalikuta njiani." Watu wakainama. Nilimwona meneja anatazama viatu vyake. Niliona na wazee wawili wa Mollo wanatazamana. Kimya kile nilikijua, ni cha laini ambayo watu wameshika simu pande zote na hakuna anayeanza.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi nina neno. Mmesikia kwamba Desderi alifunga mtandao. Hakufunga kitu. Mashine iliyokuwa inatuunganisha ni yake, na aliyeichomoa ni mimi, Restituta, siku tuliyorudi kazini kutoka kumzika. Nikaifunika. Halafu mlipomsema, nikanyamaza."

Shangazi yenu mmoja, masikio yamechoka, akauliza kwa nguvu, "Kachomoa nini?" Wakamweleza. Akasema, "Sasa kwa nini alichomoa?" Mzee mmoja wa Mollo akaanza kucheka taratibu, akafuta macho, akasema, "Na sisi tulimsema kijana wa watu." Kaka yako akasema neno limesikika, akauliza kama kuna jingine. Halikuwepo.

Wifi alisubiri mpaka watu wamekaa kula. Akaniletea sahani mwenyewe, ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, akakaa karibu yangu. Akasema, "Mume wangu siri hakuiweza. Hata zawadi ya mtoto alikuwa anaitaja kabla hajaitoa mfukoni. Mimi nilijua." Tukacheka kidogo. Kisha akasema, polepole, bila hasira, "Lakini siku ile nilikuuliza wewe, wifi. Ukasema hujui."

Hakuondoka. Alibaki pale mpaka nikamaliza ule ugali.

Hizo ndizo habari, kaka. Kitenge nimekifua, kiko nyumbani. Picha yako tumeitundika ukutani, inatazama mlango. Fundi wa Mbeya anarudi leo na CD zake na nimekwisha kumwambia meneja hakuna kitakachofutwa. Akitaka kuhamisha kazi ya kuulizwa majina aipeleke kwingine, sawa, siku moja italazimika, maana mashine yako ni mzee kama sisi. Lakini itahamishwa mimi nikiwepo, baada ya kuuliza nani anaitumia. Dada Neema nimemwonyesha tano iko wapi, nikamsomesha na ile plasta. Alidhani ni mzaha.

Ya mashine yamekwisha. Kilichonifanya niandike barua hii ni ile simu ya Ijumaa. Ulikuwa unaongea, Desderi. Unahema, unatafuta maneno, unataka kuniambia jambo moja. Nikachomoa. Miaka yote pale kwenye ubao sikumkatia mtu, hata wale waliokuwa wanatukanana, na siku ya mwisho nikakukatia wewe.

Wifi nitakwenda kwake kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mvua isipoiharibu njia. Sitakwenda na maneno. Nitakaa, atasema yeye, na sitanyanyuka mpaka amalize. Akiniuliza tena juu yako, nitamjibu.

Wenzangu wanaingia. Mashine yako inaunguruma hapa pembeni, na hainikeri tena. Lala, kaka yangu.

Mimi,
Opereta